Kulinda Mpango Wako wa Kula Kwenye Milo ya Sikukuu

Mlo mmoja wa sikukuu haumnenepeshi mtu. Ili mwili uweke akiba ya kilo moja ya mafuta unahitaji takriban kalori 7,700 zaidi ya zile unazotumia, na hakuna anayezimaliza hizo kwa kikao kimoja. (Kalori zinazotajwa humu ni zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti.) Tatizo liko pembeni mwa mlo wenyewe: vitafunio vya asubuhi wakati masufuria yako jikoni, soda mbili tatu za kukaribishwa, kiporo cha siku tatu, mwaliko wa kwa wakwe kesho na wa kwa rafiki keshokutwa. Sherehe ya siku moja inageuka wiki mbili za kula ovyo.

Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima 195 nchini Marekani katika kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka. Kwa wastani waliongezeka kilo 0.37 tu, kidogo kuliko wenyewe walivyodhani. Kilichotia wasiwasi ni kwamba uzito huo haukutoka katika miezi iliyofuata. Robo tatu ya nusu kilo inaonekana si kitu, lakini ikibaki kila mwaka, baada ya miaka kumi suruali inajua.

Kwa hiyo weka lengo linalowezekana: kutoka kwenye sikukuu na uzito ule ule ulioingia nao. Kupunguza uzito katikati ya karamu ni kazi ya wachache, na wengi wanaojaribu huvunjika siku ya pili kisha wakaachia kila kitu hadi msimu uishe.

Kabla ya kufika mezani

Chukua kalenda uandike mialiko yote unayoijua, pamoja na ile ya nyumbani kwako. Ukishaiona kwa macho, chagua miwili au mitatu ambayo kweli ina maana kwako, ile ambayo chakula chake hukipati siku nyingine yoyote. Hiyo ndiyo utakayokula kwa nafasi. Mingine yote ni mlo wa kawaida unaoliwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Anayesema "nitajua nikifika" ameshakubali kuamuliwa na njaa yake na mkono wa mwenye upawa.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kushinda na njaa tangu asubuhi ili "kuacha nafasi". Halifanyi kazi kwa sababu mbili. Kwanza, ishara za kushiba huchukua dakika 15 hadi 20 kufika kwenye ubongo, na mwenye njaa kali huwa amemaliza sahani ya pili kabla hazijafika. Pili, milo ya sikukuu huchelewa. Ukiambiwa chakula ni saa 7 mchana, jiandae kwa saa 9, na ujue kwamba hayo masaa mawili utayakaa karibu na bakuli la karanga. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, ina kalori kama 170. Konzi mbili za kupitishia muda ni zaidi ya kikombe kizima cha wali, na hakuna anayekumbuka kwamba alizila.

Kula kifungua kinywa chako cha kila siku, ila hakikisha kina protini: mayai mawili, kikombe cha maharage, au mtindi usio na sukari pamoja na tunda. Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate mweupe na chai ya sukari. Saa moja au mbili kabla ya kutoka, kunywa glasi ya maji na ule tunda moja. Ufike na hamu ya kula, usifike ukitetemeka.

Kama unakwenda na chakula, peleka kile unachohitaji wewe: bakuli kubwa la mboga za majani au saladi isiyo na mayonezi. Hakuna mwenyeji atakayekataa, na utakuwa na uhakika wa nusu ya sahani yako.

Sahani

Kabla hujashika sahani, pita kwanza uangalie vyakula vyote vilivyopo. Anayepakua kwa kufuata foleni hujaza nafasi kwa vilivyotangulia, ambavyo kwa kawaida ni wali, viazi na mkate, kisha akifika kwenye kile anachokipenda hukiweka juu ya mlima.

Tafuta sahani yenye upana wa sentimita 23 hivi. Sahani kubwa za wageni mara nyingi hufika sentimita 28, na ingawa tofauti inaonekana ndogo, eneo lake ni karibu mara moja na nusu ya ile ndogo. Nusu ya sahani iwe mboga zisizo za wanga: majani, kabichi, karoti, nyanya, matango, biringanya. Robo iwe nyama, samaki, mayai au jamii ya kunde. Robo iliyobaki ni ya wanga. Viazi, mahindi na ndizi mbichi zilizopikwa vinahesabiwa kwenye wanga hata kama vimewekwa upande wa mboga, na saladi ya viazi iliyochanganywa na mayonezi ni wanga uliotiwa mafuta. Neno saladi halibadilishi kitu.

Kwa kuwa hutakwenda na mizani kwenye nyumba ya watu, tumia mkono wako. Ngumi iliyokunjwa ni kama kikombe kimoja, ambacho cha wali uliopikwa kina kalori 200 hivi. Kiganja bila vidole ni kipande cha nyama cha gramu 90 hadi 100. Kidole gumba kizima ni kijiko kikubwa cha mafuta, siagi au mayonezi. Vipimo hivi havina usahihi wa maabara, lakini vinakuzuia kujidanganya kwa nusu.

Angalia hesabu ya sahani mbili zilizopakuliwa kwenye meza moja. Ya kwanza ina vikombe viwili vya wali (400), vipande viwili vya kuku wa kukaanga na ngozi yake (takriban 540), gramu 100 za chipsi (300), soda mbili za mililita 330 (280) na kipande cha keki yenye krimu (300). Jumla ni kama kalori 1,800. Ya pili ina kikombe kimoja cha wali (200), kipande kimoja cha kuku yule yule (270), nusu sahani ya mboga zilizopikwa kwa kijiko kikubwa cha mafuta (150), maji, na nusu ya kipande cha keki (150). Jumla ni 770. Aliyekula ya pili hakukosa chakula chochote cha siku hiyo ila chipsi na soda, na kuku alimla na ngozi yake. Tofauti ya kalori elfu moja haikutokana na kujinyima kitamu; imetokana na kile ambacho hakuna aliyekuwa akikionja kwa makini.

Anza kula mboga na nyama, wanga uje mwishoni. Mpangilio huu hupunguza kasi ya sukari kupanda kwenye damu, na pia hukuacha ukiwa umeshiba nusu unapofika kwenye wali. Ukimaliza, subiri dakika 20 kabla ya kuongeza. Ukiona bado una njaa, ongeza mboga au nyama.

Chakula kikiliwa kwa pamoja kutoka chombo kimoja, hakuna sahani ya kukupimia. Hapo kinachokusaidia ni mwendo: mfuate anayekula polepole kuliko wote, anza na kilicho cha mboga upande wako, na ukishiba nawa mikono mapema kisha ubaki umekaa na maji yako mkononi. Mtu aliyekwisha nawa hasogezewi kipande kirahisi.

Na usikae mbele ya mabakuli. Chakula kilicho umbali wa mkono huliwa hata na aliyeshiba.

Vinywaji na mafuta

Hapa ndipo kalori nyingi za sikukuu hupitia bila kuonekana.

Soda ya kawaida ina gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 500 basi ina zaidi ya gramu 50, ambazo ni vijiko 12 au 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayetumia kalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Chupa moja imemaliza ukomo wa siku nzima, na mlo bado haujaanza. Juisi haiponyeshi: hata ile ya matunda matupu ina sukari inayokaribia ya soda kwa kila glasi, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Ukitaka tunda, lile. Ukitaka soda, kunywa moja, iwe pamoja na chakula, kisha ujaze glasi yako maji mara moja. Glasi tupu kwenye sherehe haikai tupu.

Pombe ina kalori 7 kwa gramu, zaidi ya sukari ambayo ina 4. Bia ya mililita 330 yenye kilevi cha asilimia 5 ina kama kalori 140, na glasi ya mvinyo ya mililita 150 ina 120 hivi. Athari yake kubwa zaidi ni kwamba baada ya glasi ya pili hukumbuki tena uliamua nini asubuhi.

Mafuta ndiyo mazito kuliko vyote: kalori 9 kwa gramu, 120 kwa kijiko kikubwa kimoja. Mgeni hawezi kuyaona yaliyoingia kwenye wali au mchuzi, lakini anaweza kuchota mchuzi kutoka chini badala ya juu palipoelea mafuta, kuchagua nyama ya kuchoma au ya kuchemsha pale ilipo, na kujihadhari na biringanya za kukaanga, ambazo hunyonya mafuta kuliko mboga karibu zote.

Ukiwa wewe ndiye mpishi

Mpishi huweza kula mlo mzima kabla ya kukaa mezani. Kijiko cha mchuzi hapa, kipande cha nyama pale, ukingo wa keki, kiazi kimoja kutoka kwenye karai. Kwa asubuhi nzima hufika kalori 300 kirahisi. Onja kwa kijiko cha chai, si kwa upawa, na uwe na nyakati maalumu za kuonja: viungo vikishaiva, chumvi ikishaingia, na kabla ya kuepua. Mara tatu kwa sufuria zinatosha. Kukitokea njaa ya kweli, kaa chini ule tunda au yai la kuchemsha, kwa sababu mpishi mwenye njaa huonja kila kitu.

Pima mafuta kwa kijiko. Kumimina kutoka kwenye dumu ndiko kunakofanya "kidogo tu" kuwa vijiko vinane. Kwenye mchuzi wa watu kumi, vijiko vikubwa vitatu vya kukaangia vitunguu vinatosha, na vitunguu vikianza kushika chini ongeza maji kidogo, si mafuta. Mchuzi wa nyama yenye mafuta upike siku moja kabla, uuache kwenye friji. Asubuhi mafuta yameganda juu na utayaondoa kwa kijiko.

Kwenye kukaanga, makosa ni mawili. La kwanza ni mafuta ambayo hayajapata moto. Yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 170 na 180 za Selisiasi, na ukijaza karai kwa pupa moto hushuka, chakula kinakaa ndani muda mrefu bila kukauka nje, kinatoka kimelowa. Kaanga kidogo kidogo. La pili ni kurundika vilivyoiva kwenye bakuli. Sehemu kubwa ya mafuta huingia ndani ya chakula kinapoanza kupoa baada ya kutolewa, kwa hiyo kikung'ute papo hapo, ukitandaze kwenye wavu au karatasi ya jikoni kingali na moto, bila kukipandanisha.

Chumvi ni hesabu nyingine ambayo wapishi wengi hawajawahi kuifanya. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Mchemraba wa supu wa gramu 10 mara nyingi nusu yake ni chumvi. Ukitia vijiko vitatu vya chai na michemraba miwili kwenye sufuria ya watu kumi, kila mmoja amepata gramu 2.5 kutoka kwenye sufuria hiyo peke yake, kabla ya wali, achari na vitafunio. Chagua kimoja: ama chumvi, ama mchemraba. Ladha iliyopungua irudishe kwa limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Na kama kuna mgonjwa nyumbani, mtolee sehemu yake kabla ya kukolezea mwisho. Hakuna haja ya sufuria ya pili.

Mezani, weka mchuzi, mayonezi na sukari kwenye vyombo vya pembeni ili kila mtu ajiwekee. Hilo peke yake linawafaa wageni watatu wanne ambao hawakutaka kusema.

Kumjibu mwenyeji

Watu wengi wanajua cha kula. Wanashindwa na shangazi.

Mwenyeji anayekulazimisha hana nia mbaya. Anataka kujua kama chakula chake kimekubalika na kama umefurahi kuwa hapo. Mjibu hilo kwanza, ndipo ukatae nyongeza. "Mama, wali umeiva vizuri kweli. Ngoja kwanza nimalize hiki." Sifa iwe ya kitu mahususi, wali au mchuzi au ile harufu ya viungo, kwa maana "chakula kizuri" husemwa na kila mtu na hakizuii upawa. Acha kitu kidogo kwenye sahani mpaka mazungumzo yahame, kwa sababu sahani safi ni ombi la kuongezewa.

Usitangaze kwamba uko kwenye dayati. Ukilitamka tu, meza nzima imepata mada: mmoja atakwambia mwili wako hauna tatizo, mwingine ataeleza dawa ya majani aliyopewa jirani yake, na mwenye chakula atahisi amehukumiwa. "Nimeshiba, asante" haina mlango wa mjadala. Ikirudiwa mara ya tatu kwa sauti ile ile, bila maelezo mapya, watu huchoka wenyewe. Maelezo ndiyo yanayokufungua. Kila sababu unayotoa inaweza kujibiwa.

Kuna mzee ambaye hakataliwi. Kwa huyo, pokea kijiko kimoja, kile polepole akikuona, na umshukuru. Kijiko kikubwa cha wali au mchuzi ni kalori 20 hadi 50, bei ndogo kuliko kinyongo cha mwaka mzima. Njia nyingine inayokubalika sana ni kuomba kufungiwa: "Shangazi, hapa nimejaa. Nifungie kidogo nikale nyumbani." Amefurahi, nawe umepata muda wa kuamua utakula lini au utampa nani.

Anayekusema mwili, "mbona umenenepa hivyo" au "mbona umekwisha", mpe jibu fupi na umrudishie swali. "Ndiyo hivyo, mjomba. Watoto wanaendeleaje na masomo?" Hili lina uzito zaidi kwa mtu aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kula, aliyekuwa akijinyima kupita kiasi au kujitapisha. Mtu huyo asihesabu kalori wala kupima uzito wakati wa sikukuu. Apange na anayemtibu, na awe na ndugu mmoja anayeijua hali yake wa kukaa naye mezani.

Ugonjwa hufichwa bila sababu. Kama daktari amekuwekea masharti, mpigie mwenyeji siku mbili kabla, faraghani, na umwombe kitu kimoja kinachotendeka: "Bibi, nimepunguziwa chumvi. Naomba unitolee kipande changu kabla hujakolezea." Ombi la siku yenyewe, mbele ya watu, linamkuta amekwisha pika.

Mwenye kisukari, presha na mengineyo

Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kundi la salfonilurea, kama glibenclamide na gliclazide, hatari ya kwanza ya sikukuu ni mlo kuchelewa. Dawa imeingia, chakula hakijaja, sukari inashuka. Kabla ya sikukuu muulize daktari au muuguzi wako swali moja mahususi: mlo ukichelewa masaa mawili, nifanye nini na dawa ya mlo huo? Usijibadilishie dozi mwenyewe, wala usiongeze dozi ili ule keki. Metformin, dawa nyingine ya kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Beba kipimo chako cha sukari ya damu na kitu cha sukari mfukoni. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/l, yaani 70 mg/dl, au ukianza kutokwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, chukua gramu 15 za sukari ya haraka: kijiko kikubwa cha sukari au asali, au nusu kikombe cha soda ya kawaida au juisi. Subiri dakika 15, pima tena, urudie kama bado iko chini. Ikishapanda, kula kitu kama mlo bado uko mbali. Chokoleti na keki hazifai kwa dharura hii, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Mtu aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mtafute msaada wa hospitali mara moja.

Pima kabla ya kula na masaa mawili tangu ulipoanza kula. Chama cha Kisukari cha Marekani kinawapa watu wazima wengi lengo la chini ya 10.0 mmol/l, yaani 180 mg/dl, baada ya mlo, ingawa lengo alilokupa daktari wako ndilo la kufuata. Kipimo hicho cha pili kinakufundisha zaidi ya orodha yoyote, maana kinakuonyesha ngumi moja ya wali inakufanyia nini wewe. Ukitaka kitindamlo, punguza wanga kwenye sahani ili kukipa nafasi, usikiongeze juu yake. Matembezi ya dakika 10 hadi 15 mara baada ya kula hupunguza kilele cha sukari, na pia hukuondoa karibu na meza. Anayekunywa pombe asinywe bila kula: ini likishughulika na pombe haliachii sukari yake kama kawaida, na kushuka kunaweza kuja masaa kadhaa baadaye, hata usingizini.

Mwenye presha aangalie zaidi achari, nyama za kopo na za soseji, michemraba ya supu na vitafunio vya pakiti kuliko chumvi ya mezani. "Chumvi" mbadala zenye potasiamu si za kila mtu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama enalapril, lisinopril au losartan, asizitumie bila kumuuliza daktari, potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Mwenye jongo (gauti, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo) akae mbali na maini, figo na bia. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa kuongeza wala kwa kupunguza, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo.

Kiporo na mizani

Siku inayofuata ndiyo inayoamua. Kiporo kikibaki nyumbani kitaliwa, kwa hiyo kigawe kabla wageni hawajaondoka. Kinachobaki kiingie friji ndani ya masaa mawili tangu kilipoepuliwa, au saa moja kama joto la hewa linapita nyuzi 32. Kigawe kwenye vyombo vifupi na vipana, maana sufuria kubwa iliyojaa hukaa vuguvugu katikati kwa muda mrefu. Friji iwe chini ya nyuzi 5. Wali ndio wa kuogopa: vijidudu vya Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa vikiwa mbegu, huamka wali ukiachwa nje, na sumu vinayoitoa haiharibiwi na kupashwa moto tena. Uliolala mezani usiku kucha utupwe. Na ugawe kiporo kwa mlo mmoja mmoja, ngumi ya wali na kiganja cha nyama kwenye chombo kimoja, ili kesho usile kutoka kwenye sufuria ukiwa umesimama.

Usipande mizani asubuhi ya pili. Itakuonyesha kilo moja au mbili zaidi, na karibu zote ni maji: chumvi imeyashikilia, na wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli huwa umebeba takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu yake. Kuna pia chakula ambacho bado kiko safarini tumboni. Watu huona namba hiyo, wakasema "nimeshaharibu", wakaendelea kula. Au wanafunga kutwa nzima na usiku wakamaliza keki. Mlo unaofuata uwe wa kawaida tu, kwa saa yake, wenye mboga na maji ya kutosha.

Jipime siku ya nne au ya tano, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, kwa mizani ile ile. Linganisha na kipimo cha wiki moja kabla ya sikukuu. Kama wiki mbili baada ya mlo wa mwisho bado umezidi, hilo ni la kweli na lina hesabu yake: toa kikombe kimoja cha wali na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kwenye chakula chako cha kila siku, zaidi ya kalori 300, na kilo moja itachukua kama wiki nne kutoka.